Pikapu Inayoinama Kushoto

Jumatatu, 8 Julai 1996

Ngo! Tangu jana sauti hiyo haijatoka kichwani mwangu. Ngo! Kila shimo, kutoka Maguu mpaka Mbinga, chini ya mguu wangu wa kushoto. Pikapu ya baba mdogo Ignatio inaumwa, na nitaitibu mimi.

Siku hizi kahawa inanunuliwa na kila mwenye mizani, si ushirika peke yake. Ndiyo maana baba mdogo amenunua pikapu kuukuu, awahi kusomba magunia. Mimi nimemaliza kidato cha sita. Mama ameamua niende kwa masista kujifunza cherehani, kuanzia Jumatatu ijayo. Nitakufa. Nataka gereji!

Nimekwenda kwa fundi Protasi. Nimempa shikamoo kwa magoti yote mawili. Ameuliza kama nimekuja kutafuta mchumba. Nimemfungulia daftari langu. Usukani, boksi la stelingi, tairodi zinazogeuza magurudumu. Springi za kubeba mzigo, shokapu za kutuliza mrusho. Kwa rangi tatu! Amefunua kurasa zote, halafu amesema nikigundua ugonjwa wa pikapu kabla ya Jumamosi kwisha, ovaroli ni yangu. Nisipogundua, niwasalimie masista.

Wilfred, fundi wake wa pili, ameniita Mwalimu. Hakukusudia heshima.

Jumanne, 9 Julai

Nimelala chini ya pikapu asubuhi nzima. Furaha tupu! Nimetangaza kwamba bolijointi, viungo vya mikono inayoshika magurudumu ya mbele, zimekwisha. Wilfred ameomba nimwonyeshe hiyo mikono. Nimetafuta. Nimeendelea kutafuta. Haipo. Kitabu nilichonakili kilikuwa na mchoro wa gari dogo. Pikapu hii ina ekseli nzima mbele na nyuma, imekalia springi za majani, vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Wilfred amecheka mpaka akashika ukuta. Amesema, Mwalimu, shuleni walikuonyesha na mapafu ya samaki?

Nimechana ukurasa. Kesho najiuguza.

Alhamisi, 11 Julai

Nimekwenda Maguu na rula. Kwenda, pikapu tupu: kimya. Kurudi, magunia kumi na mawili na watu tisa juu yake: ngo! Upande wa kulia ni bonde ambalo halina mwisho. Bibi Luisa, abiria wetu wa kila safari, amenivuta kwa kanga: Skola mwanangu, hamia huku mlimani, huko ni kaburi! Nimehamia kushoto. Wote tulikuwa huko.

Tuliposimama kupoza injini, nimening'inia nje na rula, Bibi Luisa kanishika miguu huku akisali rozari. Kushoto kumeshuka inchi nne! Springi inagonga chesisi, fremu yenyewe ya gari! Nimepiga vigelegele. Abiria wamedhani breki zimekatika, wawili wameruka.

Springi ya kushoto imechoka! Ovaroli nitaipunguza mikono.

Ijumaa, 12 Julai

Fundi Protasi ameipima pikapu gerejini, ikiwa tupu. Kushoto na kulia sawasawa. Nimemweleza kwamba springi ikipumzika huficha ugonjwa, kama mtoro aliyejifanya mgonjwa anavyopona wenzake wakishaingia darasani. Baba mdogo amekubaliana nami. (Alitaka kwenda kula.) Wilfred ameongeza jani moja kwenye springi ya kushoto, la lori bovu, huku akinung'unika Kimatengo chote anachokijua.

Sasa pikapu tupu imeinama kulia, kama mtu anayesikiliza ya jirani. Kila kitu kinakwenda vizuri.

Jumamosi, 13 Julai

Ushindi! Kwa nusu saa. Tumetoka Maguu na mzigo uleule, pikapu imenyooka kama msalaba wa altare, hakuna hata ngo moja. Wilfred alikuwa juu ya gunia. Nimempungia mkono kama askofu.

Kisha tukakuta lori limekwama darajani. Baba mdogo akakata njia ya mashambani, ambako mlima uko kulia na bonde kushoto. Bibi Luisa akapiga ukelele: Wanangu, mlimani! Watu wote wakakimbilia kulia kama vifaranga walioona mwewe. NGO! Gunia moja likaanguka. Wilfred akaanguka juu yake.

Baba mdogo alishuka, akatazama watu tisa waliobanana ubavu mmoja kama ndizi kwenye mkungu. Akawatazama sana. Akanitazama mimi.

Fundi Protasi amesema pikapu haina ugonjwa, wagonjwa ni abiria, na spana ya abiria hana. Nimemkumbusha kwamba chanzo kimegunduliwa, na Jumamosi haijaisha. Amesema aliyegundua ni Bibi Luisa. Kama ni ovaroli, atamshonea yeye.

Jumapili, 14 Julai

Gari la paroko limeinama kulia. Inchi tatu! Limeegeshwa kwenye mteremko nyuma ya kanisa, lakini mteremko hauhusiki.

Mkasi alioninunulia mama kwa ajili ya masista nimeshaubadilisha na Wilfred. Amenipa spana namba kumi na tisa, akidhani ni utani. Wakati wa matoleo nilikuwa chini ya gari. Nati nne za springi ya kulia ninazo hapa, nimezifunga kwenye leso yangu ya kanisani, na ninamsubiri paroko amalize ubatizo nimweleze.