Kifua cha Kukopa

Jumatatu, 3 Machi 1952. Kitale.
Mzee Walubengo wa Bungoma amekataa ng'ombe wangu wa mahari. Nilikohoa mara mbili tu sebuleni kwake! Anasema binti yake Agneta hataletewa kifua kikuu na karani wa ghala la mahindi. Anataka picha ya eksirei. Amesoma gazetini kwamba siku zijazo daktari hatamuuliza mgonjwa kitu. Mashine itasema yote. Hapo ndipo ninapoogopa. Niliapa kanisani kwamba nimeacha pombe ya busaa, na mashine itanisema.

Jumatano, 5 Machi.
Njia imepatikana. Rotich, anayefagia chumba cha mashine hospitalini, ameniletea picha ya mtu mwingine. Kifua safi! Kuna kidoa cheupe karibu na bega. Rotich anasema ni kifungo cha shati. Nimempa kofia yangu ya Jumapili. Mpinzani wangu Wepukhulu, fundi baiskeli aliyerudi kutoka vita vya Burma, hajui hata eksirei ni nini.

Jumamosi, 8 Machi. Bungoma.
Mzee aliinua picha dirishani. Akatazama sana. Akamwita Agneta, akaita na majirani. Nikawaeleza sayansi: mapafu haya hayajui kikohozi, yatamfaa mke miaka arobaini. Mzee akaniomba nirudie mbele ya watu. Nikarudia. Nikaapa.
Kisha akaweka kidole kwenye kifungo.
“Kijana, hii ni risasi ya Wepukhulu. Kila Krismasi hutuambia tuiguse begani mwake.”
Agneta alicheka mpaka akakaa chini. Sasa mimi ningejuaje?

Jumanne, 11 Machi. Kitale.
Barua. Mzee ananishukuru! Ati alikuwa na wasiwasi na kifua cha Wepukhulu, maana kule Burma walilala kwenye matope. Sasa ameridhika. Ng'ombe wa Wepukhulu waliingia bomani kwa mzee juzi. Mimi ananishauri nikapimwe upesi.

Alhamisi, 13 Machi.
Sikwenda. Nani ana nafasi? Kuna Nanyama, mwalimu wa Endebess, hajaolewa. Mama yake anataka mchumba aliyepimwa damu. Hiyo ni rahisi. Kosa langu lilikuwa picha. Picha ina sura ya mtu. Rotich anasema chupa za damu zimejaa kabatini, na majina yameandikwa kwa penseli. Nimemwagiza alete ile nyekundu kuliko zote.