Nyama Iliyopungua Sufuriani

Jumatatu, 3 Juni
Suti yangu ya kuvaa kwenye harusi ya binti yangu imegoma. Koti linaingia. Suruali haifungi, tumbo limezidi kwa vidole vitatu. Fundi ni shemeji yangu, kaka wa mama watoto. Kasema kitambaa cha kuongeza hana, na nikishindwa kuivaa kufikia Jumamosi, siku ya harusi, yeye kama mjomba yuko tayari kuingia na binti ukumbini. Kalisema hilo haraka mno.
Nimenunua mizani ya jikoni. Nimebandika jedwali la kalori kwenye friji. Nyama mbichi, gramu mia: kalori mia mbili. Hesabu hainishindi, mimi ni mtunza stoo.

Jumanne, 4 Juni
Ugunduzi. Nyama mbichi, gramu mia nne. Nimeichemsha, nikapima tena: mia tatu. Kalori mia mbili zimetoweka kwa mvuke. Nimeila yote, nikaongeza vipande viwili kujaza nafasi.

Jumatano, 5 Juni
Nimechemsha kwa muda wa saa tatu. Mia nne imebaki mia mbili, ngumu kama soli ya kiatu. Taya zinauma. Nimempigia shemeji kumshauri ajitafutie kiti cha nyuma. Mama watoto analalamikia gesi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepanda mizani ya bafuni: nimeongezeka kilo moja. Nikalaumu ile ya jikoni. Mama watoto, mpishi wa hospitali, akaja kutazama.
“Kilichotoka ni maji, baba,” akasema. “Nyama imebaki palepale. Ukipima iliyoiva, soma mstari wa iliyoiva.”
Kumbe mstari upo. Nilikuwa nimeufunika kwa utepe wa gundi nilipobandika. Kwa hesabu yake, nimekuwa nikila chakula cha watu wawili.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeshindia matango. Shemeji kaja na futi yake, kanipima kiuno taratibu, kaisoma namba mara mbili kwa sauti. Vidole vinne sasa.

Jumamosi, 8 Juni
Suruali imefungwa kwa pini mbili na mkanda wa mama watoto. Shemeji alikuwa keshasimama mlangoni mwa ukumbi, suti imenyooka, mkono kaukunja tayari. Binti akampita. Akanishika mimi, akashusha shada la maua hadi usawa wa tumbo langu.
“Baba, usipumue sana,” akaninong'oneza.
Sikupumua sana. Machozi yalinilengalenga. Nadhani ni pini.

Jumapili, 9 Juni
Leo nimesoma jedwali kwa makini, mistari yote, kama nilivyoelekezwa. Mchele mkavu, gramu mia: kalori mia tatu na sitini. Wali ulioiva, gramu mia: mia na thelathini. Yaani mchele ukinywa maji na kuiva unapoteza zaidi ya nusu ya kalori zake. Safari hii sikukisia, imeandikwa.
Nimekula sahani tatu za wali uliobaki jana. Kisha nikakumbuka kuwa ulipashwa moto, kwa hiyo umepikwa mara mbili. Nikaongeza ya nne.