Ombi la Kuondolewa Kama Kompyuta

Kilwa Masoko,
Jumanne.

Kwa Bwana Abdulatifu,
Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,

Shikamoo. Mimi ni Maftaha, fundi cherehani, mke wa pili wa mfanyakazi wako Hussen. Mke mkubwa ni Bi Mwanahija wa Miteja, mdogo ni Binti wa Kitomanga. Natumai u mzima na kompyuta zako hazijambo. Huku hatujambo kidogo tu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Jumapili nilikuwa nafua suruali ya Hussen. Mfukoni nikakuta karatasi imekunjwa kama hirizi, kwa mwandiko wake: namna ya kuitoa kompyuta moja katika kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja, pasipo kuleta madhara. Nimeisoma mara nne. Nakiri ni karatasi yenye adabu. Nilikuwa bado naianika juani, simu ikalia. Ni Hussen ameandika: "Maftaha, jiandae kurudi kwenu. Talaka nakuandikia Ijumaa. Funguo muachie jirani." Na kwa pupa yake akautuma ujumbe kwenye kundi la familia, walimo wake wenzangu na mama yake mzazi!

Sikufichi, nililia. Hapa ni nyumbani kwangu na sitaki kutoka. Miaka kumi na mmoja si siku kumi na moja. Lakini kama ni lazima nitoke, basi nitolewe kama kompyuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karatasi inasema kompyuta inayotoka huzuiwa kwanza isipokee kazi mpya. Mimi siku ileile ya ujumbe nimeletewa samaki wawili, changu, niwapare, na shati nilitie vifungo. Kama natoka, vifungo vya nini?

2. Kazi zake huhamishiwa kwa wenzake moja moja, na kila moja huangaliwa kama imefika salama. Mimi ninaye mama yake Hussen, Bibi Amina, anayekaa kwangu tangu mguu uanze kumsumbua. Asubuhi namkanda kwa maji ya moto. Jioni dawa haimezi mpaka asimuliwe habari za mtaa, na za kweli hazimtoshi. Kazi hiyo amehamishiwa nani? Jirani wa funguo?

3. Wanaobaki huangaliwa kwanza kama wana nguvu ya kubeba mzigo. Bi Mwanahija ana mikorosho na mgongo mbovu. Binti ana mapacha wachanga. Hakuna aliyewauliza. Waliona kwenye simu kama nilivyoona mimi.

4. Hili ndilo lililonipandisha hasira. Amelipigia mistari miwili: kompyuta zikiwa tatu, mbili zikikubaliana jambo limepita. Zikibaki mbili zikatofautiana, hakuna wa kuamua, kazi inasimama. Jamani, huyo wa tatu si ndiye mimi? Idi iliyopita Miteja walitaka sikukuu iwe kwao, Kitomanga nao wakataka iwe kwao. Nani aliamua ikaliwa Miteja? Hussen alikuwa amejificha ofisini kwako, akidai kompyuta zina homa.

5. Mwisho kabisa ndipo jina hufutwa, kisha umeme huzimwa kwa utaratibu. Kuchomoa waya ghafla, ameandika kwa wino mwekundu, ni kukosa adabu. Na ujumbe ule wa simu ni nini, kama si kuchomoa waya?

Nasikia wiki iliyopita alikaa siku tatu akiiaga kompyuta moja kuukuu, anaipangusa vumbi, na kila hatua anatanguliza Bismillahi. Wallahi niliona wivu. Binti ana miaka ishirini na minne na sijawahi kumwonea wivu, leo nalionea wivu sanduku la bati!

Kwa hiyo naomba umwamuru Hussen aiahirishe Ijumaa, aanze na hatua ya kwanza, na asiruke hata moja. Kwa hesabu yangu, kuhamisha kazi zangu kutachukua miaka tisa hivi. Mimi sina haraka.

Nisalimie mkeo, wafanyakazi wote, mlinzi wa getini, na kompyuta zilizobaki. Waambie nawapa pole kwa kuondokewa na mwenzao.

Wako mtiifu, ambaye hajazimwa bado,
Maftaha.

Tanbihi: Barua hii imelala siku mbili kwa kukosa bahasha. Katika siku hizo Bi Mwanahija na Binti walipanda basi wakaja kunipa pole. Tukaisoma karatasi pamoja, na ili kujaribu kama kweli inafanya kazi, tukahamisha kwanza kazi za Hussen. Kununua gesi alichukua Binti. Kuezeka banda la kuku alichukua Bi Mwanahija, ambaye kumbe ndiye aliyeliezeka tangu mwanzo. Kukoroma hakuna aliyekutaka, tukakuacha. Tulimaliza kabla chai haijapoa, na mpaka leo hakuna kilichoanguka. Tumepiga kura: tatu kwa sifuri. Bibi Amina hakuwa na kura lakini naye alinyoosha mkono, na amesema yeye habanduki hapa.

Basi yapuuze maombi yangu ya hapo juu. Ijumaa usimzuie. Aje na karatasi za talaka za kutosha, maana tuko watatu, na funguo zake amuachie jirani.