Ombi la Nafasi ya Panya Mmoja

Kwa Mtafiti Ilham, binti wa kaka yangu,
Maabara ya Ubongo, Guangzhou.

Mwanangu,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba vipokezi vya kanabinoidi vimeletwa kichwani na bangi. Sivyo. Ubongo hujitengenezea wenyewe kemikali za jamii hiyo, na vipokezi ni vitasa vyake: kemikali ikiingia, seli hutulia. Ndiyo maana mnavichunguza kwa panya wenye maradhi ya kusahau, ingawa dawa ya binadamu bado haijathibitishwa. Ulinieleza vizuri, nami nimewaeleza wanunuzi wote wa jinzi ninaowatafutia mizigo hapa, hata wasioniuliza.

Sasa nalalamika, kwa heshima zote.

1. Panya wako akipotea kwenye vile vichochoro vya majaribio, wasomi watatu huandika, kisha yeye panya hupewa njugu. Mimi nimepotea mara moja tu. Nilikuwa nakwenda Xintang kwenye viwanda vya jinzi, nikamwonyesha dereva kadi ya kiwanda cha Shiling, maana kadi zote zimeandikwa Kichina. Nikashushwa kwenye mikoba. Laoban, yule mama mwenye kiwanda, akasema, "Rafiki, jinzi hakuna. Mkoba mzuri, chukua." Nikachukua mia mbili. Nani alinipa njugu? Mwanangu Hafidh amenipokonya kadi zote na anataka kunirudisha Unguja.

2. Panya hupimwa uzito kila asubuhi, kimyakimya. Mimi huulizwa mbele ya wateja, "Baba, leo siku gani?"

3. Panya hajui kipokezi ni nini. Mimi najua. Anayeweza kuueleza ugonjwa hawezi kuwa nao.

Kwa hiyo naomba nafasi ya panya mmoja katika utafiti wako. Kizimba kisikusumbue, chumba changu hapa Kangle hakikizidi sana. Ukishanipima, andika kwa mhuri kwamba vipokezi vyangu ni vizima, ili Hafidh anirudishie kadi zangu.

Nisalimie mwenzako wa maabara Lulu, pamoja na mlinzi wa mlangoni na panya wote, wagonjwa kwa wazima.

Ni mimi ami yako, mwombaji mtiifu,
Mwadini

N.B. Lulu amenijulisha kwamba utafiti ukiisha, ubongo wa panya hukatwa vipande vyembamba. Nafasi naiacha. Halafu Hafidh ameisoma barua hii, akanishika mkono akanifungulia stoo. Ndani mna mikoba mia nane. Shiling nimekwenda mara nne, na mimi naikumbuka moja. Leo hii, mwanangu, niandikishe kwa daktari wa binadamu.