Kuhusu Mafundi Wanaotaka Kuchungulia Chini ya Kiti cha Mke Wangu

Dwingeloo, tarehe 28 Agosti

Kwako Ndugu Mhariri wa jarida letu la Nyumba Barabarani,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, wewe na wote mnaohangaika pamoja hapo ofisini. Mimi ni msomaji wenu wa miaka ishirini na saba. Sijawahi kuwasumbua kwa malalamiko, isipokuwa mara mbili kuhusu vyoo vya kambi, na mara zote mbili mlinichapisha, ahsanteni. Kabla ya kustaafu nilikuwa mlinzi wa daraja la kuinua kwenye mfereji. Kwa miaka thelathini na minane nimewasha taa nyekundu, mashua zikasimama, nikaizima, zikapita. Hakuna nahodha hata mmoja aliyebisha. Kwa hiyo likija suala la taa, naomba nisichukuliwe kama mtu anayebahatisha.

Shida yangu ni hii. Tangu tarehe tatu Julai taa ya onyo ya mfuko wa hewa inawaka kwenye dashibodi ya gari-nyumba letu, na kwa sababu hiyo mke wangu Hilligje amehama kiti cha mbele. Anakaa nyuma, kwenye benchi la mezani, amefunga mkanda, anatazama nje. Nataka arudi mbele. Mengine yote ninayoyaandika hapa chini ni njia ya kufika hapo.

1. Nianze na picha yenyewe. Aliyeichora taa hiyo amechora mtu ameketi, na dude la mviringo limemkaa tumboni. Wanasema dude hilo ni mfuko wa hewa. Mimi naona mzee mwenye kitambi. Ilipowaka mara ya kwanza tulikuwa barabara kuu karibu na Zwolle. Hilligje akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena. Lazima niwaeleze kwamba Februari nilianguka bafuni kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Hilligje alinikuta sakafuni, mswaki ungali mdomoni, na daktari akapiga marufuku kila kitu kitamu. Tangu hapo nimepungua kilo nne. Mtu anayejitahidi kiasi hicho hastahili kuchorwa vile na gari lake mwenyewe.

2. Hilligje aliniuliza palepale, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lubbert, kuna kitu chini ya kiti changu?" Nikamjibu hakuna. Akasema haya. Tulipofika kituo cha kupumzika akachukua miwani yake, kitabu chake cha mafumbo na kifuko chake cha pipi za mnanaa, akahamia nyuma. Nikamuuliza kulikoni. Akasema taa inamtia wasiwasi.

Ndugu Mhariri, huyu ni mwanamke aliyewahi kumfukuza fahali kwa mwavuli. Kwa miaka arobaini na mmoja amekaa kulia kwangu. Ndiye anayesoma ramani, ndiye anayeniambia nipunguze mwendo nikiwa nimeshapunguza, na ndiye anayenipa pipi ya mnanaa kila tunapovuka daraja, moja tu, anaiweka kiganjani bila hata kugeuka. Tulianza hivyo zamani, kwa heshima ya kazi yangu. Sasa tunavuka madaraja mikono mitupu. Juzi tukiwa juu ya mto IJssel nilinyoosha mkono kwa mazoea, nikashika hewa. Inaniuma, na sioni aibu kulisema.

3. Sasa mafundi. Hapa naomba wasomaji wakae vizuri.

Nilianzia gereji ya kijijini kwetu kwa Roelof Snippe, kijana niliyemjua tangu akiwa anavua samaki kwenye daraja langu mahali palipokatazwa. Snippe hakufungua hata boneti. Alisema, "Mzee Kamphuis, gari za namna hii mara tisa kati ya kumi ni plagi ya waya chini ya kiti cha abiria. Ama imevutwa, ama kuna kitu kinaigusa. Nipe dakika tano." Nikamwambia dakika tano hazipo. Nikamwomba aangalie betri. Akaiangalia, nzima. Nikamwomba aangalie fyuzi. Nzima. Nikamwambia niko tayari abadilishe usukani mzima, kwani nasikia na ndani ya usukani kuna mfuko. Akakuna kichwa akaniuliza kwa nini hatuanzii chini ya kiti. Nikaondoka.

Nikaenda Assen kwa fundi mwingine, mwanamke anayeitwa Jantien, nikidhani mwanamke atakuwa na staha zaidi. Lo! Huyo hakuuliza. Aliinama na kushika pindo la kipazia. (Kiti cha Hilligje nimekizungushia kipazia kidogo cha kitambaa cha maua. Nilikishona mwenyewe mwezi wa Aprili, kwa ajili ya unadhifu.) Ilinibidi nikikalie kile kiti. Nilikaa dakika arobaini, nimeshika magoti, mpaka akaenda kula. Wa tatu nilimpigia simu huko Groningen. Hajaliona gari, hanijui sura, na bado jambo la kwanza alilotamka ni chini ya kiti cha abiria. Watu watatu wasiojuana wanasema neno lilelile. Sitaki kuita jambo hili njama, lakini wasomaji wana akili zao.

Tumefika wapi, jamani, ikiwa mtu hawezi kutengenezewa taa bila wageni kuchungulia chini ya kiti anachokalia mkewe?

4. Namba hii nimeiondoa. Ilimhusu jirani yetu wa kambini, Bertus, aliyesema mbele za watu kwamba gari letu linanukia mdalasini. Ameshaniomba radhi.

5. Tarehe 20 Agosti nilikwenda kwenye ukaguzi wa gari wa kila mwaka. Cheti chetu kinakwisha tarehe 14 Septemba, na tarehe 15 huwa tunakwenda kwenye mto Mosel, mahali palepale, chini ya mizabibu ileile. Mwaka huu itakuwa mara ya thelathini na moja. Mkaguzi akasema taa ikiwaka hakuna cheti. Nilimweleza kwa upole kwamba taa ingeweza kufunikwa kwa kipande cha plasta. Akakataa. Ili ajue anazungumza na watu wa namna gani, nikamweleza na utaratibu wetu: kahawa saa nne kamili asubuhi, viti vya mbele vinazungushwa kutazama meza, biskuti moja isiyo na sukari kwa kila mtu, kopo linafungwa, na likishafungwa limefungwa. Sikuelewa kwa nini anakunja uso.

Akauliza, "Kwa hiyo kiti hiki cha abiria kinazunguka?" Nikasema kinazunguka, ila hakijazungushwa tangu Aprili. Akauliza kwa nini. Nikasema kimekaza. Naye akasema, kwa furaha iliyonichukiza, kwamba basi bora atazame chini yake.

Tulirudi nyumbani bila cheti. Nikimtazama Hilligje kwenye kioo nilimwona amejaa tele pale nyuma, ananiangalia kisogo, na hakuonekana kama mtu anayeogopa taa. Alionekana kama mtu anayesubiri basi.

6. Usiku wa siku hiyo, badala ya kulala, nilifikiri kisheria. Chombo chetu kinaitwa gari-nyumba. Tumelala humo siku nyingi kuliko baadhi ya watu wanavyolala kwa wake zao. Kina jiko, kina choo, kina picha ya mama mkwe ukutani. Hiyo ni nyumba. Na nani amewahi kuona nyumba yenye mfuko wa hewa? Mimi nimezaliwa Dwingeloo na sijawahi kuingia sebuleni kwa mtu nikaambiwa nisiketi kwa kuwa taa inawaka.

Wakinijibu kwamba mfuko unahitajika kwa sababu watu wameketi wakitazama mbele, nitawauliza habari za kanisa letu. Kila Jumapili watu mia na ishirini wanaketi wakitazama mbele kwa saa nzima na nusu, kwenye mbao ngumu, na robo yao wamelala usingizi, hali ambayo ingempeleka dereva jela. Hakuna mfuko hata mmoja. Kwa hiyo ama kila benchi la kanisa lifungwe mfuko wa hewa na taa yake, na mchungaji asianze mahubiri mpaka taa zote zizimike, ama mimi niachwe niende Mosel.

Tena sheria ya nchi hii inalinda nyumba ya mtu. Polisi haingii bila karatasi ya hakimu. Ikiwa gari langu ni nyumba, basi chini ya kiti ni stoo ya nyumba hiyo, na stoo ya mtu ni siri yake na Mungu wake. Fundi anayeinua kipazia bila ruhusa anavunja nyumba, hata kama amekuja na tochi na tabasamu.

7. Kwa hayo yote, naomba jarida lipeleke maombi yafuatayo panapohusika:

(a) Itungwe sheria kwamba sehemu iliyo chini ya kiti cha abiria cha gari-nyumba itambuliwe kuwa chumba cha ndani, na asiingie mtu humo ila kwa barua ya hakimu, iliyoletwa siku kumi na nne kabla.

(b) Taa ya mfuko wa hewa iwe ya kijani, ili wake za watu wasishtuke.

(c) Yakishindikana yote mawili, basi ninyi wenyewe mchapishe makala fupi, yenye sahihi ya mtaalamu yeyote, isemayo kwamba mwanamke anaweza kukaa mbele, pembeni mwa mumewe, hata taa ikiwaka. Nitaikata na kuibandika kwenye dashibodi. Hata maneno mawili matatu yatatosha, mradi awe ni mtaalamu.

Sina ugomvi na mtu. Nimeandika kwa moyo safi, kama raia asiye na kitu cha kuficha. Nakusalimu wewe Ndugu Mhariri, na yule mama anayepokea simu zenu, ambaye hajawahi kunikatia nikiwa katikati ya maelezo. Nawasalimu wasomaji wote walioko njiani, na walioharibikiwa kando ya njia. Msalimieni hata Snippe mkionana naye. Ana watoto wadogo, na simtakii mabaya.

Wenu katika safari,

Lubbert Kamphuis,
mlinzi wa daraja mstaafu

Nyongeza baada ya sahihi, tarehe 30 Agosti:

Barua zangu zote huwa anazikagua Hilligje kabla hazijatiwa kwenye bahasha, kwa sababu ya alama za mkato. Hii nayo aliisoma mezani kwenye gari, kalamu mkononi, tangu mwanzo hadi sahihi. Aliongeza mikato miwili. Kisha akavua miwani, akapiga magoti nyuma ya kiti chake, akaingiza mkono, akatoa kopo la biskuti za mdalasini.

Kipazia changu kinafunika mbele na pande zote mbili. Upande wa nyuma sikuufikiria, kwa kuwa kwetu hakuna aliyekuwa akikaa nyuma. Kutoka benchi la mezani, ameniambia, kopo linaonekana vizuri kabisa, pamoja na mkono wangu, kila asubuhi ninaposema nakwenda kukagua matairi.

"Taa haikunitisha hata siku moja, Lubbert," alisema. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Sitaki kukuokota sakafuni tena."

Nilikuwa na namba saba za hoja, nikazifunika zote kwa kiganja. Nikalia kidogo. Hilo msilichapishe.

Pembe ya kopo ilikuwa imeisukuma plagi ya waya hadi imelegea, kama walivyosema wote watatu, hata yule wa Groningen. Snippe atakuja Jumatatu na kompyuta yake kufuta hitilafu, na nimemwambia achungulie anapotaka. Kopo amepewa Bertus. Amesema alijua ni mdalasini, nami nimefuta ule msamaha.

Kwa hiyo maombi (a), (b) na (c) nayaondoa, pamoja na habari za kanisa. Namba moja, kuhusu picha, naomba ibaki.

Taa bado inawaka. Hilligje amerudi mbele. Leo asubuhi tulikwenda kununua viazi, tukapita juu ya daraja langu la zamani. Sikuthubutu kunyoosha mkono. Akaufuata mwenyewe kwenye usukani, akaufungua vidole, akaweka pipi moja ya mnanaa, ile isiyo na sukari, na hakugeuka hata kunitazama.