Faili Lisilotaja Uzito Wake

Jumatatu, 2 Februari
Mwanangu Mboje anaota meno. Usingizi wetu ni wa vipande. Siku nne zimebaki katika miezi yangu mitatu ya majaribio. Ijumaa mkuu wetu, Dada Judica, anaamua: nabaki ofisini au narudi Kiloleli kupalilia kwa mama mkwe.

Kazi yangu ni programu ya JavaScript kwenye seva ya ofisi. Inavuta video za kilimo cha pamba kutoka seva ya Mwanza, wakulima waje kuzitazama. Leo Wilbroad, fundi mwenzangu wa kutoka Moshi, mwenye cheti cha chuo na tabasamu la chuo, kaniuliza mbele ya Dada Judica kama programu inauliza ukubwa wa faili kabla ya kulivuta. Nikasema ndiyo, tangu wiki iliyopita.

Si kweli. Masikio yalinichoma kwa aibu. Bahati kilemba kiliyafunika.

Mpango: niandike kesho kabla hajachungulia.

Jumanne, 3 Februari
Nimeandika. Kumbe kazi ya nusu saa, sijui kwa nini nilidanganya. Kabla ya kuvuta faili, programu inatuma ombi la HEAD. Ombi hilo halibebi faili, linapiga hodi tu na kuuliza uzito. Ukizidi megabaiti mia tano, tunaliacha. Kama kliniki: mzani kwanza, dawa baadaye.

Nimejaribu mafaili matatu, yote yakajibu. La nne Mboje akalia, nikafunga kompyuta. Matatu yanatosha.

Wakati wa kutoka, Wilbroad kaniuliza, dada, na seva isipotaja uzito je? Nikamwambia hilo nimeshalizingatia. Swali lenyewe sikulielewa.

Jumatano, 4 Februari
Afadhali nisingeamka.

Mzee Mayige kaja na baiskeli toka Sapiwi, na wakulima wenzake saba, kutazama video ya funza wa vitumba. Katusalimu mwangaluka, wakaketi, wakavua kofia. Skrini tupu. Diski ya seva imejaa hadi shingoni na kifurushi cha intaneti cha mwezi mzima kimekwisha. Tarehe nne! Faili moja limeingia jana jioni na kula kila kitu: gigabaiti thelathini na moja, na lilikuwa bado linaendelea.

Dada Judica kauliza nani kafanya hivi. Mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema Wilbroad huwa anatazama mpira kwa intaneti ya ofisi. Ni kweli, huwa anatazama. Jumapili, dakika kumi.

Kaambiwa aandike barua ya kujieleza. Hakubisha. Kanitazama tu, halafu kanipokea Mboje mgongoni ili nipange viti. Mboje, aliyenikesha wiki nzima, kalala begani kwake palepale. Msaliti.

Mzee Mayige wakati wa kuondoka kasema hana neno na sisi, ila funza hawangoji kifurushi. Nilijifanya natafuta kitu chini ya meza.

Alhamisi, 5 Februari
Nimelipata kosa. Ni langu, lote.

Lile faili seva ya Mwanza haikutaja uzito wake. Jibu likaja tupu. Mimi nililiagiza ligeuzwe namba, na JavaScript ukiipa kitu kitupu ikugeuzie namba, inakupa sifuri. Sifuri ni ndogo kuliko mia tano. Pita, karibu ndani.

Na mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba! Gunia ambalo mwenyewe hataki lipandishwe mzani, kila mtu hapa anajua lina mchanga. Mimi nimelihesabu halina kitu.

Mchana nilimkanya Mboje asimwage uji. Kaumwaga huku ananitazama usoni. Nikaona mwanangu wa mwaka mmoja ananizidi: yeye akiharibu, hasingizii mtu.

Nikaenda kwa Dada Judica, nikasema yote. Kanisogezea barua ya Wilbroad. Kaandika kwamba kosa ni lake, kwa kutokagua kazi ya mgeni. Mstari wa pili sikuweza kuumaliza.

Jioni Wilbroad kakaa nami, tukarekebisha. Asiyetaja uzito hapiti. Na hata aliyetaja, tunahesabu mzigo unavyoingia, ukizidi tunakata, maana mlangoni watu hudanganya. Aliposema hivyo hakunitazama. Nilimshukuru kwa hilo pia.

Ijumaa, 6 Februari
Uamuzi: sirudi Kiloleli. Naongezewa miezi mitatu ya majaribio, na Wilbroad atakagua kila mstari wangu. Nimekubali kabla Dada Judica hajafunga mdomo. Mzee Mayige na wenzake wanarudi Jumatatu, video yao tayari ipo. Nimeitazama mara mbili.

Nimejifunza. Kuanzia leo naulizia kwanza.

Saa tisa mama mkwe kapiga simu. Katutumia mzigo kwa basi, nikaupokee stendi. Wilbroad kasikia, kauliza anitafutie guta la kubebea. Nikamwambia asihangaike, amenibebea ya kutosha wiki hii. Mama mkwe ni mtu wa maneno mengi, mzigo ungekuwa mkubwa angesema. Hakusema chochote.

Kwa hiyo ni mdogo. Naenda kwa miguu, Mboje mgongoni. Nimechukua kikapu.