Meneja wa Ujirani

"Mimi sikujui," Johnstone alisema.

"Hunijui?" Mama Irungu aliuliza kutoka upande wake wa ua wa miiba ya kayaba. "Hunijui, na sufuria yangu iko jikoni kwako wiki ya tatu sasa?"

"Kama jirani, nakujua. Hata nakuheshimu. Lakini kama benki, Mama Irungu, wewe ni mgeni."

"Mgeni! Na Jumamosi ni nani alikusagia mahindi?"

"Hilo ni swali zuri," Johnstone alisema, "na lina utaratibu wake."

Kufikia hapo nusu ya mtaa ilikuwa imekumbuka kazi za kufanya karibu na ua. Mmoja alitoka kuanika nguo zilizokauka tangu jana. Mtaani Kapsoya watu wanapenda usafi.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Shule moja ya bweni kule Kesses, wanafunzi mia nane, ilitaka mtu wa kuiuzia unga mwaka mzima. Mama Irungu, ambaye jina lake la kitambulisho ni Nyaguthii, alikuwa na kisiagi cha mahindi chenye mashine mbili, na ya pili ilikuwa imekaa kimya tangu Krismasi. Asipopata kazi hiyo, wasichana wawili aliowaajiri wangerudi kwao. Shule ilitaka kitu kimoja tu: barua ya benki, yenye mhuri, ikisema inamjua. Mwisho Ijumaa, saa sita mchana. Na sasa ilikuwa Jumatano jioni.

"Njoo ofisini kesho," Johnstone alisema. "Tukufahamu rasmi."

Asieleweke vibaya. Johnstone hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Meneja wa Ujirani.

Mwezi wa pili, Benki ya Pamoja Nawe ilikuwa imeutangazia mji wa Eldoret, kwa bango refu kuliko nyumba, kwamba enzi mpya imefika: BENKI INAYOKUJUA KWA JINA. Kwenye bango palikuwa na mama anayecheka, ambaye hakuna mtu Eldoret aliyemjua. Maofisa walipelekwa Naivasha siku tatu kufundishwa kusalimia. Maswali yaliyoruhusiwa yalikuwa matatu: habari za nyumbani, habari za biashara, habari za mvua. La nne lilihesabiwa kuwa upekuzi. Aliyetaka kuulizwa kuhusu watoto wake alipiga simu akabonyeza mbili, na Nairobi akapatikana kijana mpole aliyemsomea majina ya watoto wa mtu mwingine.

Na ili wateja wote wajulikane kwa usawa, ofisa yeyote alikatazwa kumjua mteja kabla ya mfumo kumjua. Johnstone alilielewa hili kuliko wote, ndiyo maana alipewa cheo, pamoja na mhuri wa kutembea nao kwenye mkoba, ili huduma iwe karibu na watu popote walipo. Hakuwahi kuutoa. Aliogopa wino ukauke.

Alhamisi asubuhi Mama Irungu aliingia benki na debe tupu, akaliweka kwenye foleni, akageuka kutoka.

"Mama, hilo nini?" askari wa mlangoni, Joash, aliuliza.

"Nafasi yangu. Nina watu wanangoja unga. Likifika mbele nipigie."

Ndivyo walivyofanya kisiagini. Debe lako linapanga foleni, wewe unaenda zako kusuka ama kulea, na hakuna anayeruka debe la mwenzake. Hakuna, ila Johnstone, ambaye kila Jumamosi alipitisha lake juu ya vichwa vya watu akisema, "Sisi ni majirani hapa!"

Joash alilisukuma debe kwa mguu, mtu mmoja baada ya mwingine, hadi likafika dirishani. Alipopigiwa, Mama Irungu alikuja na unga kwenye kope.

"Habari za nyumbani? Habari za biashara? Habari za mvua?" Johnstone alisema. "Jina?"

"Johnstone."

"Jina lako wewe."

"Nyaguthii. Mama Irungu. Jirani yako. Mwenye sufuria."

Aliandika la kwanza tu. "Sehemu C ya fomu iko wazi. Panatakiwa ofisa wa benki anayeishi karibu na biashara yako na aliyewahi kufika hapo."

"Ni nani huyo?"

Johnstone aliangalia kompyuta. "Ni mimi."

"Basi weka sahihi."

"Siwezi kumwekea sahihi mtu nisiyemjua."

"Na utanijua lini?"

"Fomu ikishawekwa sahihi."

Joash alikohoa. "Meneja, si huyu ni Mama Irungu wa kisiagi?"

"Joash, wewe ni askari. Kujua watu si kazi yako."

Mama Irungu alimtazama Johnstone kama mtu anayepima gunia kwa macho. Kisha akachukua debe lake akaenda. Johnstone alitazama saa. Dakika tisa. Wastani wa tawi ulikuwa kumi na tatu. Alijisikia vizuri siku nzima.

Ijumaa, siku yake ya kuhudumia watu mtaani, saa tatu na nusu, gari jeupe lilisimama kwenye geti lake kabla hajamaliza chai. Alishuka Bi. Kabura, Mkurugenzi wa Ukaribu, aliyekuja kwa ndege ya asubuhi.

"Waraka mpya," alisema. "Kila Meneja wa Ujirani athibitishwe kwamba anajulikana mtaani kwake. Lazima na mteja wa biashara, ndani ya mita mia mbili. Asiyejulikana anahamia Nairobi, ghorofa ya chini ya ardhi, kupanga fomu."

Johnstone alitabasamu lile tabasamu la Naivasha la kutabasamia wakubwa.

"Mfumo unaonyesha mteja mmoja tu hapa karibu," Bi. Kabura aliendelea. "Kisiagi fulani, kimeingizwa jana. Mwenyewe unamjua?"

"Sana!" Johnstone alisema, bila fomu.

Kisiagini palikuwa pamejaa watu, hewa nyeupe kwa unga, madebe kumi na tisa kwenye foleni. Johnstone alipita katikati yao kama kawaida yake.

"Mama Irungu! Hebu mwambie Madam unanijua."

Mama Irungu alizima mashine.

"Jina?" alisema.

Watu waliangua kicheko mpaka mzee mmoja, Gichuru, akashikilia ukuta.

"Si ni Johnstone! Jirani!"

"Kama jirani, nakujua. Hata nakuheshimu. Lakini kama kisiagi, baba, wewe ni mgeni. Debe liko wapi?"

"Sikuja kusaga!"

"Hapa tunahudumia kwa debe."

Bi. Kabura aliandika kitu kwenye daftari lake. "Utaratibu uko wazi," alisema kwa heshima, akasogezewa benchi na kikombe cha chai ambacho hakujaza fomu yoyote kukipata.

Johnstone alikimbia nyumbani, tai begani.

"Jemutai! Debe!"

"Nimeliazimisha," mkewe alisema. "Kuna sufuria ya Mama Irungu."

"Lete!"

Jemutai hakuiachilia. "Tupu? Wiki tatu nimeikalia nikingoja ulete sukari niweke ndani na mayai mawili juu, na wewe kila siku uko kwa semina. Sufuria ya mtu haitoki kwangu tupu. Nitapita wapi mtaa huu?"

"Sasa niweke nini? Hakuna kitu!"

Jemutai aliutazama mkoba wake. "Huyo mama anataka nini?"

Johnstone alikaa mezani. Aliandika: Benki inamjua Nyaguthii, mwenye kisiagi cha Kapsoya, kwa miaka tisa. Hajawahi kupunja mtu. Akatoa mhuri. Wino haukuwa umekauka. Ilikuwa barua ya kwanza katika historia ya benki hiyo kuandikwa na mtu. Aliikunja, akaiweka ndani ya sufuria, akafunika.

Kisiagini mashine zilikuwa zinanguruma tena.

"Mama Irungu, hii ni ya haraka!" alipaza sauti. "Ni barua yako! Saa sita itapita!"

"Hasikii," Mzee Gichuru alimwambia sikioni. "Weka nyuma ya debe la mwisho, kijana. Yote ni ya haraka."

Aliweka. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Johnstone aliisukuma sufuria kwa mguu, hatua kwa hatua, akiitazama saa kuliko wateja wake wote walivyowahi kuitazama ile ya ukutani kwake. Na hakuna aliyemuuliza habari za mvua.

Saa sita kasorobo, mashine ilizimwa. "Aliyefuata!"

Alimpa kwa mikono miwili. Mama Irungu alifunua kifuniko, akachungulia, akatoa karatasi. Aliisoma. Akaisoma tena, polepole, midomo ikicheza. Kisha akapangusa unga vidoleni, akaipiga picha kwa simu, akaituma. Kisiagi kizima kilisubiri. Simu ikalia.

"Wanasema imefika," alisema. "Yenyewe niwapelekee Jumatatu."

Mmoja wa wale wasichana wawili alikimbia kuifunua mashine ya pili.

"Kwa hivyo unamjua?" Bi. Kabura aliuliza, kalamu tayari.

"Huyu? Namjua. Anapenda ukoko wa ugali. Anaogopa mbwa wa Mzee Gichuru. Na sufuria ya mtu, akingojewa sana, anairudisha ikiwa na kitu."

Bi. Kabura aliweka alama mahali pake, kisha akainama karibu, akashusha sauti. "Mama, hapa kwenu, mtu hawezi kufungua akaunti? Mimi ninayo kule kwetu benki, lakini kila nikipiga simu wananisomea majina ya watoto wasio wangu."

"Tule kwanza," Mama Irungu alisema, akifungua mlango wa nyumba nyuma ya kisiagi. Harufu ya githeri ikatoka. Waliingia wote, Mzee Gichuru mbele, Bi. Kabura na kikombe chake, Jemutai naye akiwa ametokea bila kuitwa.

Johnstone alibaki kizingitini, mkoba kifuani, akitafuta kwa macho mahali pa kuandika jina.

"Wewe nawe unangoja nini?" Mama Irungu aliita kutoka ndani. "Nawa mikono, Johnstone. Ingia ule."